Gitaa la Pili na Magunia ya Mama Sofia

Nimeacha kazi baada ya mvua za mwaka huu, na sababu yenyewe ni ndogo. Mama mmoja wa sokoni Nachingwea aliniletea redio, akasema inapiga mluzi mwembamba. Nikaiwasha, nikaisogeza sikioni, sikusikia mluzi wowote. Nikamwambia redio yake ni nzima. Akaniangalia kwa huruma, akawaita watu wawili waliokuwa wakipita, na wote wawili wakausikia. Niliifungua redio nikabadilisha kapasita moja kwa kubahatisha, kisha nikawaomba wale wale waniambie kama mluzi umekwisha. Wakasema umekwisha. Fundi anayeazima masikio ya wapita njia naye amekwisha. Wiki ile ile nilianza kugawa vyombo vyangu vya kazi.

Ninyi mafundi mliogawana vyombo hivyo mmeniuliza jambo moja kila msimu wa korosho: mteja akipata fedha, akaja kuuliza kama spika na amplifaya za bei kubwa zina maana au sabufa ya dukani inamtosha, mumjibu nini? Siku zote nimekuwa nikijibu kwa mkato, na najua jibu la mkato limewaponza baadhi yenu. Sasa nina muda. Nitajibu kwa urefu, na mtanisamehe nikianzia mbali, maana jibu lenyewe lilinichukua karibu kazi yote kulipata.

Nilizaliwa Narung'ombe. Shule niliiacha darasa la sita, au tuseme tuliachana. Shule yetu ilikuwa na redio moja ya betri sita ya kusikilizia vipindi vya masomo, na ilikaa kwenye kabati la mwalimu mkuu. Redio ile ilikuwa ikikoroma kila pikipiki ilipopita barabarani, na mimi nilitaka kujua pikipiki inaingiaje kwenye redio. Siku moja wenzangu wakiwa shamba la shule, niliifungua kwa ncha ya kisu. Kuifungua nilijua, kuirudishia sikujua. Mwalimu hakunichapa, alisema tu nisirudi bila mzazi. Baba alikuwa kwenye palizi ya mikorosho na sikuona haja ya kumsumbua. Nikadandia lori la mbao mpaka Nachingwea.

Pale mjini nilimkuta Mzee Mchopa, fundi redio, kwenye kibanda ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa bati nene lililoachwa na Wazungu wa ule mradi wa zamani wa karanga. Bati lile lilikuwa na matundu ya skrubu yaliyopangwa kwa mstari ulionyooka kabisa, na Mzee Mchopa alilipenda kuliko kuta nyingine tatu alizozijenga mwenyewe. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokufa na kipande cha khanga. Akaniambia nitoe skrubu zote nizipange juu ya khanga kwa mpangilio wa zilivyokaa, kisha nizirudishe. Nilipomaliza alikuta nimebakiwa na skrubu mbili. Akaniambia nianze upya. Siku nne nilifanya hilo tu, na hadi leo nikifungua kitu chochote, hata sufuria, najikuta natafuta khanga.

Chuma chetu cha kulehemu hakikuwa cha umeme. Kilikuwa kipande cha shaba kilichofungwa kwenye mpini wa mti, tukikichomeka kwenye jiko la mkaa. Joto lake unalipima kwa kukisogeza karibu na shavu. Kikiwa tayari shavu linakwambia, na kikizidi pia linakwambia. Mnaonicheka kwa alama hii ya chini ya jicho, ndiko ilikotoka. Risasi ya kulehemu tuliikusanya kutoka kwenye redio zilizokufa, tone kwa tone, kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele.

Mzee Mchopa alikuwa na tabia moja niliyoidharau. Mteja akileta redio, hakuifungua. Aliiacha kibandani, akaondoka na mteja mikono mitupu hadi kwake, hata kama ni mwendo wa saa mbili, kwenda kuangalia redio inakaa wapi. Aliangalia meza, dirisha, na pale waya unapopita. Akirudi ndipo anafungua. Nilimuuliza anafuata nini. Akasema, "Nakwenda kuwajua jamaa zake." Mimi niliamini anafuata ugali, kwa sababu kwa kawaida alirudi ameshiba. Nilipoanza kujitegemea tabia hiyo niliiacha kabisa, na niliona nimepiga hatua.

Kukaa mahali pamoja sikuwahi kuweza. Nilifanya kazi Masasi, Liwale, Tunduru, Mtwara, nikarudi Nachingwea, nikaondoka tena. Kila mara kitu kipya kilipotoka nilikwenda kulikokuwa na mtu anayekijua. Kanda zilipoingia nilimfuata fundi mmoja Masasi kujifunza vichwa vya deki. Sola zilipoingia nilikwenda Liwale kwa jamaa aliyekuwa ameunguza betri nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, maana aliyeunguza vingi ndiye mwenye cha kufundisha. Nimekuta viota vya nyigu ndani ya spika. Nimekuta mchwa wamekula sanduku lote la redio wakaacha rangi imesimama, mwenyewe hajui, anashangaa kwa nini redio imekuwa nyepesi. Msimu mmoja radi ilipiga, na ndani ya wiki moja nikaletewa kipaza sauti cha msikiti na kipaza sauti cha parokia, vyote vimeungua kifaa kile kile. Niliviweka mezani pamoja. Shehe na katekista walijikuta wamekuja saa ile ile, wakataniana kwamba mwenzake ndiye aliyelengwa, radi ikakosea kidogo.

Nilipokaribia umri wa miaka hamsini nilikuwa na pikipiki, sanduku la vyombo, godoro na kibanda cha kupanga pale Nachingwea. Sikuwa na kitu kingine, wala sikukihitaji. Ndipo akaja Mzee Ng'itu.

Mzee Ng'itu alikuwa mkulima wa Matambarale, mwenye mikorosho mingi na maneno machache. Ujanani alikata tiketi kwenye mlango wa ukumbi wa dansi mjini Lindi, miaka mitatu, nusu ya mwili ndani na nusu nje, na anavyosema yeye, muziki wote wa ujana wake aliusikia kwa sikio moja. Alichokipenda zaidi ya vyote ni gitaa la pili. Ninyi wa siku hizi huenda hamlijui. Katika bendi za zamani gitaa la kwanza ndilo linalojionyesha, na la pili linakaa nyuma yake, linalijibu polepole, halipandi. Redio ndogo hulimeza. Mzee Ng'itu alikuwa na kanda na sidii za nyimbo zile zote, na kwa miaka thelathini alikuwa akizisikiliza huku akijua kuna mtu mmoja hayumo.

Ulikuwa mwaka bei ya korosho ilipopanda. Aliuza mnada wa kwanza, akaja kibandani kwangu. Mpwa wake aliyekuwa Dar es Salaam alikuwa amepata mtu anayehama nchi, anauza vyombo vyake vya muziki vya nyumbani: amplifaya nzito, mashine ya sidii, na spika mbili za mbao zilizofika kifuani. Vyombo vya watu wanaosikiliza muziki kama kazi. Bei yake ilikuwa ya mtu anayejenga. Mzee Ng'itu alinionyesha picha kwenye simu, akauliza kama vile vitalitoa gitaa la pili.

Nikamwambia vitalitoa. Akaniuliza tena, "Fundi, ninunue?"

Nikamwambia, "Nunua. Hutajuta."

Neno hilo nitalirudia mbele.

Mkewe, Mama Sofia, alikuwa na hesabu nyingine. Mwaka uliopita walikosa mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Wenye mashine walikuwa wachache, kila mtu akasubiri zamu, na zamu yao ilipofika ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeshakausha nusu ya maua. Alitaka mashine yao wenyewe kabla ya mambo ya magitaa. Mumewe akamwahidi kwamba korosho zilizobaki, zilizokuwa bado ndani ya nyumba, ndizo zitakazonunua mashine ya salfa. Mama Sofia akakubali, kwa namna wanawake wa kwetu wanavyokubali, yaani alinyamaza na akakumbuka.

Vyombo vilifika kwa basi mwezi wa kumi na moja, nikaenda Matambarale kuvifunga. Walikuwa wamejenga nyumba mpya ya tofali za saruji, sebule kubwa, sakafu ya vigae, madirisha ya vioo, fahari ya kijiji. Viti vilikuwa nje, kwa sababu ndani kulikuwa na magunia ya korosho yaliyopangwa ukuta kwa ukuta yakisubiri mnada. Nikaweka spika kwenye nafasi iliyobaki. Mama Sofia alikaa kizingitini akichambua korosho, chafu huku na safi kule, hatazami tunachofanya. Mzee Ng'itu na mimi tukakaa juu ya magunia.

Nimesikia mashine nyingi. Siku ile niligundua sikuwa nimesikia kitu. Ngoma zilikuwa mahali pake, mwimbaji mahali pake, ungeweza kumwonyesha kwa kidole alipotia mguu. Kisha nyuma ya gitaa la kwanza, upande wa kushoto, kikaingia kitu kidogo, kikavu, kinachotembea bila haraka.

Mzee Ng'itu akasema, "Huyo hapo."

Nilirudi Nachingwea kwa pikipiki nikiwa nimejiona fundi mkubwa, ingawa nilichofanya ni kuunganisha waya sita.

Mwezi wa kumi na mbili magunia yakatoka kwenda ghala la chama cha ushirika. Bei ya mnada wa mwisho ikashuka, na kilichopatikana hakikufika bei ya mashine ya salfa. Siku tatu baadaye Mzee Ng'itu akanipigia simu kwamba mashine imeharibika. Nikaenda. Kweli, ilikuwa imeharibika. Sauti zote zilikuwa zimerukiana, ngoma inagonga kama debe, mwimbaji yuko kila mahali, na gitaa la pili halipo.

Nikafungua amplifaya palepale, juu ya khanga ya Mama Sofia. Nikapima kila kitu kwa mita. Hakuna kilichoharibika. Nikaifunga kwenye pikipiki kwa mipira ya baiskeli na kuipeleka kibandani, nikaiunganisha na spika zangu za majaribio. Ikaimba vizuri. Nikairudisha, ikagonga debe. Nikabeba spika zenyewe, moja moja, kila moja kwa safari yake, na barabara mnaijua ilivyo masika. Kibandani zikaimba. Matambarale zikagonga.

Niliulaumu umeme, nikafunga kifaa cha kutuliza umeme. Niliulaumu unyevu, nikaziweka spika juani kama ufuta. Nililaumu panya, na panya hawakuwapo. Desemba hadi Aprili nilikwenda Matambarale mara saba. Kijijini wakaanza kusema maneno ambayo kila fundi anayajua. Mzee Ng'itu aliniambia mwenyewe, kwa heshima, akitazama pembeni: "Fundi, watu wanasema umetoa moyo wa mashine ukaweka wa Kichina."

Nikamuuliza yeye anasemaje.

"Mimi sisemi. Ila ilipokuja ilikuwa inaimba, na hakuna aliyeigusa isipokuwa wewe."

Kwa hesabu ya kawaida alikuwa na haki. Na kilichonikera zaidi ya kuitwa mwizi ni kwamba sikujua. Nimefungua redio ya shule nikafukuzwa, nimeunguza shavu, nimefuata mafundi wilaya tano, na sanduku la mbao lilikuwa limenishinda.

Mwezi wa tano Mama Sofia akakumbuka. Mikorosho ilikuwa inakaribia kuchipua, salfa haisubiri, na mwaka wa pili bila mashine ungekuwa mwaka wa kuuza shamba. Nilikuwa pale sebuleni, nimepiga magoti mbele ya spika kwa mara ya nane, alipoingia akasimama katikati ya vigae vyake. Akasema vyombo viuzwe kwa yeyote, kwa bei yoyote inayofika mashine ya kupulizia, kabla mwezi haujaisha. Mumewe akamwomba ampe fundi siku chache. Mama Sofia alikuwa ametoka jikoni, moshi ulimkaba, akakohoa, akangoja kidogo.

"Siku chache za nini?" akasema. "Nyumba hii imekuwa pango. Tangu korosho zitoke, hata kikohozi changu kinanirudia."

Nilibaki nimepiga magoti. Nikamwomba akohoe tena. Akaniangalia kama mtu anayefikiria kumwita mganga. Basi nikapiga kofi mimi mwenyewe, mara moja, kwa nguvu. Kofi likajibiwa na ukuta huu, ule, dari, vigae. Nikatoka nje uani, nikapiga kofi jingine. Likafa pale pale. Nikakumbuka kibanda changu Nachingwea, kilivyojaa maiti za redio, makasha, na godoro langu limesimamishwa ukutani. Na nikamkumbuka Mzee Mchopa, aliyekuwa ameshazikwa zamani, akitembea saa mbili mikono mitupu kwenda kuwajua jamaa za redio.

Mashine haikuwahi kuharibika. Nilikuwa nimeisikia ikiimba chumbani kwenye magunia, kisha magunia yakaenda mnadani, na mimi miezi mitano nikafungua skrubu.

Nikaomba siku mbili. Tukachukua magunia matupu, tukaenda mashine ya kukobolea, tukayajaza makapi ya mpunga ambayo hakuna aliyeyataka. Majirani walipotuona tunaingiza magunia ndani mwezi wa tano walidhani Mzee Ng'itu amegundua zao jipya. Tukayapanga kama korosho zilivyokuwa zimepangwa, tukaongeza godoro la wageni dirishani. Nikapiga kofi, likafa. Nikaweka sidii.

Mzee Ng'itu akakaa juu ya gunia. Gitaa la pili likaingia upande wa kushoto. Aliinama, akashika kichwa, na sikumtazama zaidi, maana si kila kitu ni cha fundi kukitazama.

Ningeweza kuishia hapo. Jina langu lilikuwa limesafishika, naye alikuwa na sababu ya kumsihi mkewe wasiuze. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanitekenya tangu kikohozi kile, na mimi kitu kikinitekenya siwezi kukiacha. Kesho yake nilirudi na redio yangu ya kibandani, ya kawaida, ya bendi tatu, iliyounganishwa na mashine ya sidii ya zamani na spika mbili zilizotoka kwenye gari lililopinduka, ambazo nilizitengenezea masanduku ya mbao. Nikaiweka pale pale penye vile vikubwa, katikati ya magunia. Nikawaambia Mzee Ng'itu na Mama Sofia wafumbe macho. Nikapiga wimbo ule ule kwa vyombo hivi, kisha kwa vile.

Wote wawili walitambua vikubwa ni vipi. Nisiwadanganye, tofauti ilikuwepo. Vikubwa vilikuwa na kina, na mwimbaji alikuwa na mwili. Lakini gitaa la pili lilisikika kwenye vyote. Kwenye redio yangu lilikuwa dogo zaidi, kama mtu aliyerudi hatua mbili nyuma. Ila alikuwamo.

Mama Sofia alifumbua macho kwanza. Akaniuliza, taratibu, "Fundi, wewe ndiye unayejua. Tofauti hii tuliyoisikia inafika mashine ya salfa?"

Mumewe alinitazama. Nilijua alitaka niseme nini. Nami nilijua kwamba vyombo vikiuzwa vitarudi Dar es Salaam na sitavisikia tena maisha yangu.

Nikamwambia, "Haifiki, mama. Sehemu kubwa ya uzuri ule ilikuwa magunia yenu."

Kisha nikasema lile lililobaki, nikimwelekea Mzee Ng'itu. Nilimwambia kwamba aliponiuliza anunue au asinunue, sikulifikiria shamba lake wala gitaa lake. Nilitaka vyombo vile vije karibu nivisikie. Ningeweza kumtengenezea redio ya kumtosha kwa sehemu ndogo sana ya korosho zile, na nilijua hivyo nilipokuwa namwambia hutajuta.

Mzee Ng'itu aliinuka akazima mashine. Mama Sofia ndiye aliyesema.

"Sasa umevisikia. Umeshiba?"

Nikasema ukweli tena, kwa kuwa nilikuwa nimeshauanza. "Bado."

"Basi nunua wewe," akasema. "Pikipiki yako inatosha mashine ya salfa."

Sidhani kama alikuwa anatania. Mumewe alicheka, cheko la kwanza tangu mwezi wa kumi na mbili. Mimi nilitoka nje, nikaitazama pikipiki. Ilikuwa ndiyo miguu yangu. Bila hiyo hakuna Liwale wala Tunduru wala kumfuata mtu anayejua kitu kipya. Nikaitazama kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha nikaiuza kwa dereva wa bodaboda wa Ruangwa, na mashine ya salfa ikafika Matambarale kabla maua hayajafunguka.

Vyombo vilibebwa kwa mkokoteni hatua mia mbili tu, hadi kwenye chumba nilichopanga karibu na ghala la chama. Sikuwa na pikipiki ya kuvipeleka mbali zaidi. Ndivyo nilivyohamia Matambarale, mimi niliyekuwa siwezi kumaliza misimu miwili mahali pamoja. Kibanda cha Nachingwea nikawa nakwenda kwa gari la abiria, siku tatu kwa wiki. Mzee Ng'itu nilimwachia redio yangu na spika za gari, na magunia ya makapi aliyashonea vitambaa, ndiyo makochi yake mpaka leo.

Basi hili ndilo jibu langu, na mwenye haraka angeweza kuanzia hapa. Mteja akikuuliza, usimjibu kibandani. Nenda kwake mikono mitupu. Piga kofi sebuleni. Kofi likirudi, mwambie fedha yake ya kwanza aiweke kwenye mapazia, mkeka, kitanda, magunia, chochote kilicho laini na kinene, na amplifaya ibaki ile ile. Kofi likifa, msikilize anataka kusikia nini, maana anayetaka sauti kubwa na anayetaka gitaa la pili si wateja wa aina moja. Muulize pia ana umri gani. Kwenye vyombo vile kuna spika ndogo ya juu, nzuri ajabu, inayotoa sauti nyembamba kabisa, na sehemu nzuri ya bei ilikuwa yake. Kwa masikio yangu ya siku hizi sijui kama inafanya kazi. Sidii ikizunguka naiwekea spika hiyo kidole nione kama inatikisika. Na kabla hujamwambia mtu nunua, jiulize ni masikio ya nani yanayosema.

Kuhusu mimi mwenyewe kununua, sina utetezi. Chumba changu ni cha tofali tupu, na miezi tisa ya mwaka vyombo vile vinagonga kama debe. Makapi niliyojaribu kuweka panya waliyapenda. Lakini foleni ya mzani ikiwa ndefu na mawingu yakitanda, wakulima hutafuta pa kuweka korosho karibu na ghala, na mimi huwakaribisha bila malipo. Wanasema fundi ana roho nzuri. Kuanzia mwezi wa kumi chumba kinajaa hadi dirishani, nalala juu ya magunia, na nina sauti ambayo sidhani kama hata yule aliyehama nchi aliwahi kuwa nayo.

Magunia ya Mzee Ng'itu huja ya kwanza, na mwenyewe huja nayo. Mikorosho yao imekuwa mizuri tangu salfa ipigwe kwa wakati. Msimu uliopita tulikuwa tumekaa, yeye gunia lake na mimi langu, Mama Sofia alipofika mlangoni na mwenye mkokoteni. Zamu yao kwenye mzani ilikuwa imefika. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Acha," akasema. Akasikiliza kidogo akiwa amesimama, kisha akamgeukia mwenye mkokoteni, akamwambia arudi, amwambie karani kwamba wao watapima mnada ujao.

Mzee Ng'itu akafumbua macho. "Na bei ikishuka?"

"Ikishuka imeshuka. Sogea."

Akakaa kati yetu, juu ya korosho zake, akakunja khanga magotini. Akasikiliza mpaka katikati ya wimbo.

"Sasa hayo yote," akauliza, "lipi ndilo la pili?"

Mzee Ng'itu akainua kidole, akasubiri liingie.